Pesa za Kaunti za Kuzuia Dawa za Kulevya: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Mtaani Kenya

Kila tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupambana na dawa za kulevya, utatuona barabarani. Bendi mbele, bango nyuma yake, vijana wamevaa fulana nyeupe zenye maandishi mekundu. Mgeni rasmi anachelewa saa mbili, kisha anahutubia dakika arobaini. Soda zinagawiwa, picha zinapigwa. Kesho yake maskani iko palepale na wanaoketi hapo ni walewale.

Kikundi chetu huku Pwani kilikuwa kikingoja siku hiyo ndipo kiende kuomba pesa. Tuliandika pendekezo mwezi wa Mei, tukalipeleka idarani mwezi wa Juni, tukajibiwa kwa upole kwamba bajeti imeshafungwa, turudi mwakani. Mwakani tukarudi, Juni vilevile, jibu lilelile. Mwaka wa tatu karani mmoja wa makamo akatuonea huruma. "Wanangu," akasema, "nyinyi mnakuja kuomba pilau sufuria ishaoshwa."

Mwongozo huu ni yale tuliyojifunza baada ya neno hilo. Ni wa vikundi vya vijana, kina mama, misikiti, makanisa na vyama vya wazazi ndani ya Kenya. Mifano mingi ni ya Pwani kwa sababu ndiko ninakokujua, lakini sheria ni moja kutoka Lamu hadi Busia.

Kwanza, jua mzigo huu ni wa nani

Ukienda kwenye ofisi ya kaunti kuzungumzia dawa za kulevya, jibu la kwanza utakalopewa ni kwamba hayo ni mambo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, na polisi. Usibishane. Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inayoorodhesha kazi za serikali za kaunti. Kipengele cha 13 kinasema udhibiti wa dawa za kulevya na ponografia ni kazi ya kaunti. Kipengele cha 4 kinaipa kaunti utoaji wa leseni za vileo. Cha 2 kinaipa afya, na ndani yake afya ya msingi.

Polisi ni wa serikali kuu, kweli. NACADA nayo ni ya serikali kuu, ilipewa nguvu zake kwa sheria ya mwaka 2012, na ndiyo yenye simu ya bure ya 1192 inayopokelewa saa 24. Lakini kumkamata mwuzaji ni kazi moja, na kumfikia mtoto kabla mwuzaji hajamfikia ni kazi nyingine. Hii ya pili kaunti haiwezi kuikwepa.

Kuna mpaka mmoja ambao vikundi vingi huukanyaga bila kujua. Shule za msingi na za upili ni za serikali kuu. Shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Ukiiomba kaunti pesa za kufundisha kidato cha pili, afisa mwenye kujua sheria atakukatalia, na atakuwa na haki. Omba za chekechea, za vyuo vya ufundi, za zahanati, za familia nyumbani. Hapo hana pa kukimbilia.

Mifuko iliyopo

Mfuko mkubwa ni bajeti yenyewe ya kaunti, hasa mafungu ya idara ya afya na idara ya vijana. Huu ndio nitakaoukalia.

Wa pili ni pesa za leseni za vileo. Sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile watu wanayoiita sheria ya Mututho, iliunda mfuko ambao sehemu ya kazi zake ni utafiti, kueneza habari na kusaidia watu waachane na ulevi. Baada ya ugatuzi kaunti zilianza kutunga sheria zao za vileo. Itafute ya kwenu, soma kifungu kinachozungumzia mfuko, kisha uliza swali moja tu kwa maandishi: mwaka jana ada za leseni ziliingiza kiasi gani, na kiasi gani kilikwenda kwenye elimu na matibabu? Sijawahi kuona swali fupi likawatoa watu jasho namna hiyo.

Halafu kuna NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, na mfuko wa NGAAF unaopitia kwa mbunge mwakilishi wa wanawake. Si vibaya kubisha milango hiyo, lakini usijenge nyumba juu yake. NG-CDF hujenga madarasa na kulipa karo. Tena Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria yake ya 2015 inakiuka Katiba, ikaiwekea kikomo cha tarehe 30 Juni 2026. NGAAF nayo huelekea zaidi kuviinua vikundi kiuchumi: mahema, viti, mashine za kushona. NACADA hushirikiana na mashirika na makundi ya jamii, basi jitambulisheni kwenye ofisi yao iliyo karibu nanyi, hata kama ni kwa ajili ya vitabu na mafunzo.

Hatua ya 1: Muwe na karatasi

Hii haihitaji maneno mengi. Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, katiba, na viongozi waliochaguliwa. Usajili unafanyika kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu. Angalieni tarehe ya kuisha kwa cheti, kwa maana vikundi vingi hukumbuka siku ya kuitwa. Fungueni akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na kama ni kikundi cha vijana, kina mama au watu wenye ulemavu, jisajilini pia AGPO. Ule mpango unawatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali, na kujisajili ni bure. Nitaeleza baadaye kwa nini unawahusu.

Hatua ya 2: Soma mpango kabla ya kuandika neno

Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema pesa za umma zisitengwe nje ya mpango. Maana yake: jambo ambalo halimo kwenye mpango haliwezi kulipiwa, hata gavana akilipenda.

Mipango ya kuangalia ni miwili. Wa kwanza ni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ambao maafisa huuita CIDP. Ni wa miaka mitano, na wa sasa unatoka 2023 hadi 2027. Wa pili ni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, yaani ADP, ambao ni kipande cha ule mkubwa. Yote miwili inatakiwa iwe wazi kwa umma. Itafute kwenye tovuti ya kaunti, na ukiikosa mwendee msimamizi wa wadi au ofisi ya mipango.

Usianze kusoma kuanzia ukurasa wa kwanza, utalala. Tafuta maneno haya: dawa, vileo, uraibu, afya ya akili, vijana, malezi. Mipango mingi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mkae na kijana aliyezoea kusoma ripoti. Karibu kila CIDP ina mstari kama "kuhamasisha jamii kuhusu dawa za kulevya", pamoja na shabaha yake kwa mwaka na makadirio ya gharama. Huo mstari ni dhahabu. Andika jina la programu kama lilivyo, namba yake na ukurasa wake. Kuanzia hapo hamwombi kitu kipya. Mnadai kilichokwisha kuahidiwa.

Kama hakuna mstari wowote, kazi yenu ni ndefu kidogo: tafuteni programu iliyo karibu, kwa mfano afya ya jamii, na muoneshe kwamba mnachokitaka kinaingia ndani yake. Na muweke alama kwenye kalenda kwamba mwaka 2027 CIDP ya miaka mitano mingine itakuwa inaandikwa. Atakayekosa hapo atakosa kwa muda mrefu.

Hatua ya 3: Shika kalenda

Hapa ndipo tulipokuwa tukikosea. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini chungu chake huinjikwa miezi kumi na zaidi kabla. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imepanga hivi: kufikia tarehe 30 Agosti waraka wa kuelekeza idara jinsi ya kuandaa bajeti uwe umetoka. Kufikia tarehe 1 Septemba mpango wa mwaka uwe umewasilishwa kwenye bunge la kaunti. Tarehe 28 Februari ni ya taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo huweka dari, yaani kikomo cha pesa, ya kila idara. Tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yafike bungeni, na kufikia tarehe 30 Juni yawe yamepitishwa.

Sasa piga hesabu. Mpango unaowasilishwa tarehe 1 Septemba 2026 ni wa mwaka wa fedha unaoanza Julai 2027. Kwa hiyo mwezi ule wa Juni tuliokuwa tukiandamana na kuomba pesa za wiki ijayo ndio mwezi wa kupeleka fikra za pesa za miezi kumi na tatu mbele. Tulikuwa ofisi sahihi, mwezi sahihi, tukiwa na ombi la mwaka usio wake.

Kama una nguvu za safari mbili tu kwa mwaka, nenda Julai au Agosti mpango wa mwaka unapokusanywa, na Februari kabla dari haijafungwa. Mikutano ya Aprili na Mei ndiyo yenye watu wengi na mahema, lakini kufikia hapo kinachojadiliwa ni makombo: ukitaka milioni moja iongezwe kwako, sharti uoneshe itapunguzwa kwa nani.

Hatua ya 4: Amueni mnaomba nini

Mtu akiambiwa "kuzuia dawa za kulevya", kinachomjia kichwani ni bango, hotuba na polisi shuleni akionesha bangi ndani ya karatasi ya plastiki. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya na Uhalifu, UNODC, ilikusanya tafiti za dunia nzima ikatoa viwango vya kimataifa vya uzuiaji mwaka 2013, kisha ikavipitia upya mwaka 2018 pamoja na Shirika la Afya Duniani. Baadhi ya yaliyomo yanauma. Kuwatisha watoto hakusaidii. Hotuba ya siku moja haisaidii. Kumleta mtu aliyewahi kutumia dawa asimulie maisha yake mbele ya wanafunzi hakujaonekana kuzuia kitu, na kumtumia askari kuwa mwalimu wa somo hilo ni vivyo hivyo. Vipeperushi peke yake ni karatasi.

Nakiri, kikundi chetu kilikuwa kikifanya yote matano.

Kinachoonekana kufanya kazi ni mambo ya polepole yasiyopigwa picha. Mafunzo ya malezi, ambapo mzazi na mtoto wanakaa pamoja vikao kadhaa mfululizo wakijifunza kusikilizana, kuweka mipaka na kuadhibu bila kuvunja. Elimu bora ya chekechea kwa watoto wa nyumba maskini. Stadi za maisha darasani, vikao vingi, kwa mwalimu aliyefunzwa na watoto wanaoshiriki badala ya kusikiliza tu. Mhudumu wa afya anayejua kumuuliza mgonjwa maswali machache kuhusu unywaji wake na kumshauri papo hapo. Na sheria za pombe na tumbaku zinazotekelezwa kweli: bei, umri, saa, umbali.

Ziweke hizo juu ya kazi za kaunti uone zinavyokaa. Chekechea ni ya kaunti. Leseni za baa ni za kaunti, na sheria ya 2010 ilishasema baa isiwe ndani ya mita 300 za shule, na kwamba siku za kazi ifunguliwe saa 11 jioni hadi saa 5 usiku. Kupima umbali huo na kuandika orodha ya baa zinazoukiuka hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji utepe na ujasiri. Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 na mikoba yao, wanaolipwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kaunti na nusu serikali kuu. Wanaingia nyumbani, wanajua jina la mtoto, na mama anawafungulia mlango. Kuwafunza siku chache kuhusu uraibu ni rahisi kuliko kuunda jeshi jipya la wahamasishaji.

Habari kwa wananchi nazo zina namna yake. "Dawa za kulevya zinaua" kila mtu analijua, hata anayezitumia. Asilolijua mama mwenye kijana wa unga ni mlango wa kubisha: kwamba kuna 1192, kwamba kuna kliniki za methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu zilipoanza Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014 na kufika Malindi na Kisauni mwaka 2015, na anayepelekwa huko apelekwe na nani, na karatasi gani. Pesa za habari zikienda huko, kwa Kiswahili, Kigiriama, Kidigo au Kipokomo, kwenye redio saa ambayo kina mama wako jikoni, hizo zimefanya kazi.

Kabla sijaondoka hapa, kumbuka sakata la muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 gavana wa Mombasa aliipiga marufuku, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wazazi wengi tulishangilia. Haikupita wiki nzima Rais akasema amri hizo ni batili kwa kuwa muguka ni zao linalotambuliwa na sheria ya taifa, wakulima wa Embu wakaja juu, na mahakama ikaingilia. Mimi muguka siipendi hata chembe. Lakini niligundua kwamba katika kelele zote zile hakuna aliyeuliza bajeti ya mwaka ule imewawekea vijana wanaoitafuna shilingi ngapi. Marufuku ni bure, ndiyo maana inapendwa.

Hatua ya 5: Piga hesabu inayoshikika

Afisa wa bajeti hasomi uchungu. Anasoma idadi mara bei. Huu ni mfano wa wadi moja, na bei zake mtaziweka za kwenu.

Familia 40, zigawanywe makundi 4 ya familia 10. Kila kundi vikao 7, jumla vikao 28. Wawezeshaji wawili kwa kila kikao, posho shilingi 1,500 kila mmoja: 84,000. Chai na mahamri kwa watu 20 kila kikao kwa shilingi 100 kila mtu: 56,000. Vitabu vya familia 40 kwa shilingi 300: 12,000. Kuwafunza wawezeshaji 8 kwa siku 5, shilingi 2,000 kwa siku: 80,000. Ufuatiliaji baada ya miezi sita, kurudi nyumba kwa nyumba: 28,000. Ukumbi ni madrasa na kanisa, hatulipi. Jumla shilingi 260,000.

Kisha weka pembeni yake gharama ya maandamano. Fulana 500 kwa shilingi 600 ni 300,000, kabla hujakodi hema wala kipaza sauti. Ukiziweka hesabu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja huhitaji kumsema mtu vibaya. Na ukizidisha 260,000 kwa wadi 35 za kaunti kama Kilifi unapata milioni 9.1, kiasi ambacho idara ya afya inaweza kukijadili bila kucheka.

Sasa lile suala la AGPO. Kaunti haiwezi kukukabidhi hundi kwa sababu tu imeipenda kazi yako. Njia za halali ni tatu. Idara iifanye kazi yenyewe na kikundi chenu kiwe kando kama msaidizi. Au idara inunue huduma, tuseme uwezeshaji au uchapishaji, nanyi mshindanie zabuni mkiwa mmesajiliwa. Au kuwe na mfuko wa kaunti ulioundwa kisheria wenye masharti ya kutoa ruzuku. Amueni mapema mnaelekea ipi na muiandike. Ombi linalosema "tupewe" bila kusema kwa njia gani huishia kwenye faili.

Hatua ya 6: Waraka wa maoni

Kurasa mbili, zisizidi. Kwa Kiswahili ukitaka: ibara ya 7 ya Katiba inakifanya kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Uelekeze kwa karani wa bunge la kaunti, kwa mwenyekiti wa kamati ya bajeti, na nakala kwa waziri wa kaunti wa idara husika. Mwili wake unaweza kuwa hivi:

"Sisi wakazi wa wadi ya ___, kupitia kikundi cha ___ kilichosajiliwa kwa namba ___, tunatoa maoni kuhusu Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa Fedha ___. CIDP ya kaunti yetu, ukurasa wa ___, programu ya ___, iliahidi ___. Katika mpango uliopo mezani ahadi hiyo haikuwekewa fedha. Tunaomba shilingi ___ ziwekwe chini ya idara ya ___, kwa kazi zifuatazo: ___. Matokeo yatapimwa kwa idadi ya familia zilizomaliza vikao vyote, na kwa kuzitembelea tena baada ya miezi sita. Tunapendekeza kiasi hicho kitolewe kwenye fungu la ___, ukurasa wa ___."

Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiogopa. Iandike. Kila idara ina fungu la safari, semina na ukarimu, na mwananchi aliyelitaja kwa ukurasa husikilizwa kwa namna nyingine. Ukihitaji takwimu, utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mtu 1 kati ya kila 6 wa umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia angalau kilevi kimoja, pombe na tumbaku zikiwemo. Takwimu moja inatosha. Iliyobaki iwe ya mtaani kwenu: baa ngapi, umbali gani, kliniki iko kilomita ngapi.

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Waraka usio na muhuri haujawahi kufika.

Hatua ya 7: Ukumbini

Mikutano ya maoni hutangazwa magazetini, redioni na kwenye mbao za ofisi za wadi, mara nyingi siku chache tu kabla. Mwombe msimamizi wa wadi awaweke kwenye orodha yake ya ujumbe wa simu.

Mkifika mtakuta barabara, maji na basari vimejaa chumba. Mtu mmoja atapewa dakika mbili. Msitume msemaji mahiri wa kikundi, hata kama anajua takwimu zote. Mtumeni mama ambaye mwanawe anamjua kila mtu pale, ikiwa yeye mwenyewe ameridhia kusema. Aanze na salamu, "Mheshimiwa, na wazee wangu mlioko mbele," aseme programu, ukurasa na kiasi, kisha akae. Nyuma yake imamu na mchungaji waseme neno moja kila mmoja: tunaunga mkono. Wanasiasa wanajua kuhesabu safu za Ijumaa na za Jumapili.

Hakikisheni mmetia sahihi fomu ya mahudhurio, na mumuone anayeandika kumbukumbu kabla hajaondoka, mumsomee kiasi mlichotaja. Nimewahi kusoma ripoti ya mkutano niliohudhuria mwenyewe, na ombi letu likawa limeandikwa "vijana wasaidiwe."

Kaunti pia ina Jukwaa la Bajeti na Uchumi chini ya kifungu cha 137 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, na mwenyekiti wake ni gavana. Ndani yake kuna wajumbe wasio wa serikali kutoka kwa makundi ya kina mama, dini, wafanyakazi, wafanyabiashara na wengineo. Ulizeni nani anawawakilisha, mumtembelee nyumbani mapema. Mgeni aliyekuja kunywa chai Januari husikika Februari.

Na jambo la heshima. Msiwapeleke waraibu ukumbini kama maonyesho, wala msiwapige picha. Neno "mateja" liacheni mlangoni. Miongoni mwenu ukumbini humo wamo mama zao.

Hatua ya 8: Baada ya Juni

Bajeti ikipita, nusu ya kazi imebaki. Pateni nakala iliyoidhinishwa, si ya rasimu, mutafute mstari wenu. Kisha mjue kwamba miezi ya Julai hadi Septemba pesa kutoka Nairobi huchelewa, na idara hulipa mishahara kwanza. Msimdhanie afisa kuwa mwizi kwa hilo.

Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za utekelezaji wa bajeti za kaunti kila robo mwaka, ziko wazi kwa yeyote. Zisomeni mahali pa idara yenu: imetengewa ngapi, imetumia ngapi. Kama ripoti haifiki kwenye mstari wenu mdogo, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu mnaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Barua iwe ya adabu na fupi. Hakuna haja ya kutishia mtu ukiwa umeshataja kifungu.

Jihadharini zaidi na bajeti ya nyongeza. Huja katikati ya mwaka bila mahema wala matangazo makubwa, na mistari midogo ya kijamii ndiyo huchinjwa kwanza. Wetu wa kwanza uliingia baada ya mizunguko miwili ya kalenda. Ulikuwa shilingi milioni moja na laki mbili, wa wadi chache tu. Mwezi wa Machi nyongeza ikaukata hadi laki tano. Tuligundua kwa sababu kijana wetu mmoja alikuwa akizipitia karatasi za bunge kila mwezi kama wengine wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Laki tano zikatosha familia za wadi mbili tu, vikao vyote saba, chini ya mwembe wa madrasa, bila fulana hata moja. Februari iliyofuata tulikuwa ukumbini saa mbili asubuhi, kabla viti havijapangwa, tukiwa na nakala ya mstari ule na majina ya waliohudhuria mpaka kikao cha mwisho.